Ukuta umegongwa kwa funguo: matembezi yangu Český Krumlov

Naanza na nyota mbili. Si za mji. Český Krumlov, kusini mwa Ucheki, mji mdogo uliokumbatiwa na kona ya mto Vltava na uliomo kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu 1992, sina la kuulaumu. Nyota hizi ni za matembezi ya kuongozwa niliyolipia majuzi kwa kampuni moja, na za mwongoza watalii wao.

Tulisimama mtaa wa Latrán, chini ya kasri, mbele ya nyumba ambayo ukuta wake unaonekana wa mawe ya kuchongwa, kila jiwe na kivuli chake. Akasema ni mawe. Si mawe! Ni lipu ya chokaa, kazi iitwayo sgrafito, na kwangu ndiyo sababu ya kwenda huko. Fundi hupiga kwanza lipu ya kushikia, chokaa na mchanga. Juu yake huja tabaka jeusi, mara nyingi kwa kuchanganya unga wa mkaa. Likiwa bado bichi hupakwa chokaa nyeupe, nyembamba sana, kisha hukwanguliwa kwa ncha ya chuma ili weusi utokeze. Muda ni mfupi: chokaa ikishashika, ncha haikati tena, inamegua. Kwa hiyo hupigwa eneo linaloweza kumalizika siku hiyohiyo, na ukitazama kwa makini utaona mahali kazi ya leo ilipoungana na ya jana.

Nilimwambia hayo kwa adabu. Akatoa funguo zake akaugonga ukuta, ko, ko, ko, ili watu wasikie jiwe. Sauti iliyorudi ilikuwa ya debe tupu. Fundi yeyote wa chokaa anaijua: lipu imeachana na ukuta, kuna uwazi nyuma yake. Mahali kama hapo hupimwa kwa kifundo cha kidole, taratibu, halafu hutobolewa tundu dogo na kudungwa chokaa ya majimaji kwa bomba la sindano mpaka uwazi ujae. Yeye akagonga mara ya nne. Kikadondoka kipande cha ukubwa wa ukucha wa kidole gumba, cheupe upande mmoja, cheusi upande wa pili.

Nikamwomba aache. Akanijibu mbele ya kundi zima: "Umesimama miaka mia nne, ufunguo utaufanya nini?"

Haukusimama wenyewe, bwana. Mto uko hatua chache, na mafuriko ya Agosti 2002 yaliingia mpaka mjini. Ukuta mnene ukilowa, maji hutafuta pa kutokea, na hutoka na chumvi. Lipu ya chokaa huyapitisha. Mtu akiziba sehemu ya chini kwa saruji, maji hupanda juu zaidi, chumvi inakuwa punje nyuma ya lipu na kuisukuma nje. Kipupwe kikija, unyevu uliobaki huganda na kuvimba, uwazi unapanuka. Waliokarabati nyumba za Mji Mkongwe, Zanzibar, wanaujua ugonjwa huo wa saruji, ukiondoa barafu tu. Ukuta wa Latrán upo kwa sababu kila kizazi kilikuwa na watu wa kuziba, kudunga na kupaka upya. Ufunguo unafanya nini? Unafanya kile kilichokuwa kimelala chini pale, juu ya mawe ya barabara.

Kuhusu Plášťový most, daraja la kasri, akasema matao yale ya mawe ni ya enzi za kati, kumbe ni ya karne ya 18. Hilo ningemsamehe. Anavijua vichochoro vya kushukia mtoni, na watu hakuwaacha wazibe njia darajani. Ndiyo maana nilimpa mbili. Lakini nikiikumbuka ile sauti ya debe siwezi. Iwe moja.

Mji wenyewe nendeni, bila yeye. Nyua za kasri huingiwa bila tiketi. Fika asubuhi mapema au jua likielekea kuzama, simama ubavuni mwa ukuta, usisimame mbele yake. Mwanga ukipita kwa ubavu, sgrafito huonyesha mfereji wa ncha, na mchoro wa rangi hubaki bapa. Kwenye nyua za ndani za kasri, mawe ya kuigiza ni ya brashi. Ya ukuta ule wa Latrán ni ya ncha, na hayaguswi.