Swichi ya HDMI ya matundu matano, miezi minane sebuleni kwa mama

Naanza na TV yenyewe ili mjue kwa nini nilihangaika. Ni flati ya inchi 43, ya 4K (ile picha kali zaidi ya HD), iko ukutani kwa mama Tabata, na nyuma ina matundu mawili tu ya HDMI, yale ya waya mmoja unaobeba picha na sauti. Mawili! Na vitu vinavyotaka kuingia hapo ni vitano: king'amuzi cha Azam kwa sababu ya ligi yetu, king'amuzi cha pili cha tamthilia za mama, PS4 ya mdogo wangu, boksi la Android la kuangalia YouTube, na deki ya DVD ambayo mama hataki hata kusikia habari ya kuitoa, maana ndo inachezesha harusi ya dada.

Miaka miwili tuliishi kwa kuchomoa na kuchomeka. Dogo akitaka gemu anapitisha mkono nyuma ya TV, kule kati ya TV na ukuta pana nafasi ya vidole vinne tu, anamulika na tochi ya simu, anachomoa cha mama anachomeka chake, halafu analala. Saa mbili usiku taarifa ya habari inaanza mama anakuta kioo cheusi kimeandika hakuna signo. Ananipigia mimi, mi nakaa Mbagala, namwambia mama shika ule waya mweusi, na waya zote pale nyuma ni nyeusi. Ilikuwa inaniuma kwa kweli. Mama ana miaka 68, TV kanunua kwa hela yake ya kikoba, halafu ndo mtu pekee humo ndani anayeshindwa kuiangalia.

Mwisho tundu moja likalegea. Picha ikaanza kutoa vidoti vidogo vidogo kama nyota, rangi zinaruka, ukigusa waya inatulia, ukiachia inapotea. Fundi akaishusha TV akaifungua, akaniita nisogee nione kwa lenzi yake. Soketi ya HDMI ina pini 19 zimejipanga kwenye upana wa sentimita moja na nusu hivi, na ile miguu ya pembeni inayoishikilia kwenye bodi ni lehemu tu. Mguu mmoja lehemu yake imepasuka duara kabisa, kama ufa wa kwenye kikombe. Akaniambia waya wa HDMI ni mzito, ukining'inia na kuvutwa vutwa kila siku lazima soketi ing'oke, akachomea upya na kunipa ushauri mmoja: kaka tafuta swichi, TV hii usiiguse tena nyuma.

Nikaenda Kariakoo, mtaa wa Aggrey, na hapo nataka msikilize vizuri maana nilipoteza hela mara mbili kabla sijapata kitu sahihi. Duka la kwanza nilisema nataka kidude cha kuunganisha vitu vingi kwenye TV moja, wakanipa kiboksi kizuri kabisa, nimefika nacho Tabata hakifanyi kazi hata kidogo. Kumbe ni splita. Splita inachukua kitu kimoja inapeleka kwenye TV mbili au zaidi, ile wanayoweka baa ili king'amuzi kimoja kionekane kila kona. Swichi ni kinyume chake, vitu vingi vinaingia, TV moja inapokea. Kwa macho vinafanana sana. Usiangalie picha ya kwenye kasha, angalia matundu yenyewe: yaliyoandikwa IN yanatakiwa yawe mengi na OUT liwe moja. Nilirudi, muuzaji akagoma kubadilisha.

Ya pili ilikuwa swichi kweli, ya matundu matatu, elfu kumi na mbili, haina adapta ya umeme. Hizi zinajilisha kwa ule umeme mdogo wa volti 5 ambao king'amuzi au PS4 inautoa kupitia waya wa HDMI wenyewe. Kwa waya mfupi inaenda. Ila mi nilitaka vitu vyote vihamie kwenye kabati la chini, kwa hiyo kutoka kabatini mpaka TV nilihitaji waya wa mita tano, na hapo ikaanza kuzingua, picha inakuja sekunde tatu inapotea, inakuja inapotea. King'amuzi kikiwa kimezimwa ndo kabisa. Halafu boksi la Android likagoma kutoa picha ya 4K, nikahangaika nalo usiku mzima nikidhani limekufa. Sababu ni kwamba ile swichi ni ya HDMI 1.4, toleo la mwaka 2009, inapitisha 4K lakini kwa fremu, yaani picha, 30 tu kwa sekunde, na boksi langu linatoa 60. Kwa 60 unahitaji HDMI 2.0, iliyotoka 2013, inayobeba gigabiti 18 kwa sekunde. Kwenye kasha yote mawili yanaandikwa 4K kwa herufi kubwa, muuzaji anakuonyesha hiyo 4K basi. Tafuta maandishi madogo: 60Hz (ndo hizo fremu 60), 18Gbps (ndo hizo gigabiti 18), na HDCP 2.2. Hiyo ya mwisho ni kufuli la kuzuia watu kurekodi sinema za kulipia, na kama swichi haina ufunguo wake, menyu utaiona vizuri kabisa ila ukibonyeza sinema ianze kioo kinakuwa cheusi au picha inashuka.

Ya tatu sasa. Hii ndo ninayoisifia. Matundu matano ya kuingiza, moja la kutoa, boksi la bati jeusi ukubwa wa simu mbili zimelazwa pamoja, ina adapta yake ya volti 5 na karimoti kembamba kama kadi ya benki. Elfu thelathini na tano, baada ya kushushwa kutoka hamsini. Nimeipanga hivi: tundu la kwanza Azam, la pili king'amuzi cha tamthilia, la tatu PS4, la nne boksi, la tano deki. Kutoka swichi kwenda TV ni waya mmoja tu, ule wa mita tano, nimeununua mpya na mnene kidogo maana kwa 4K ya 60 waya mwembamba wa bei rahisi ukishafika urefu huo hautoboi. TV iko kwenye HDMI 1 moja kwa moja na kitufe cha inputi hakuna anayekigusa tena. Mama anabonyeza 1 au 2 kwenye karimoti. Nimemwandikia namba kwa peni nyeupe ya mafundi juu ya kila king'amuzi, siku ya pili alikuwa keshazoea, na mwezi mzima hajanipigia habari za waya.

Sauti inapita humo humo, HDMI inabeba picha na sauti pamoja, kwa hiyo sabufa yetu imechomekwa kwenye tundu la hedifoni la TV na inalia kwa kila kitu bila kuhamisha chochote. Ila wenye saundiba ya kisasa angalieni hapa: saundiba inayotumia ARC, yaani TV inairudishia sauti kupitia waya wa HDMI, iingie kwenye TV moja kwa moja, kwenye lile tundu lililoandikwa ARC, msiipitishe kwenye swichi. Hizi swichi nyingi hazirudishi sauti nyuma. Nyumba yenye TV ya matundu mawili basi moja la saundiba, lingine la swichi, imeisha.

Deki ilinipa kazi ya peke yake. Haina HDMI, ni ya zamani, ina zile waya tatu, njano ya picha, nyeupe na nyekundu za sauti, kama tulivyozoea enzi za TV za chogo. Nikanunua konveta, kakiboksi keupe kenye AV upande mmoja na HDMI upande mwingine, kanataka umeme wa USB nikakachomeka kwenye PS4, kosa, maana PS4 ikizimwa nako kanazima. Nikahamishia kwenye chaja ya simu. Msije mkadanganywa kwamba konveta inafanya DVD iwe HD, hapana. Inabadilisha lugha tu ili TV ielewe, picha inabaki ile ile laini laini. Na mwanzoni kila mtu harusini alikuwa mnene mfupi kwa sababu TV imeivuta picha ijaze kioo, mpaka nilipoingia kwenye mipangilio ya TV nikaweka 4:3, lile umbo la TV za zamani, ikabaki na mistari myeusi pembeni lakini watu wakarudi kwenye maumbo yao. Mama alikaa akaiangalia yote tangu kupamba ukumbi, kuna sehemu marehemu baba anacheza na bibi, tukairudia mara tatu.

Kasoro zipo na nazisema. Ukihama kutoka tundu moja kwenda lingine kioo kinakuwa cheusi sekunde tatu mpaka nne, maana TV na kifaa inabidi vitambuane upya. Unazoea, ila mtu anayehama hama kati ya mechi mbili atakasirika. Ya pili ni ile ya kujichagulia yenyewe. Swichi ikigundua kifaa kimewashwa inarukia hapo, inasikika nzuri dukani, nyumbani ni balaa: mama yuko katikati ya tamthilia, boksi la Android linajiamsha lenyewe, picha inahamia kwenye boksi. Kwenye yangu kuna kitufe pembeni cha kuzima hiyo tabia, nimekizima na sitakiwasha tena. Kabla hujalipa uliza kama kipo, na kama hakipo iache hapo hapo dukani.

Ya tatu, jicho la rimoti liko mbele ya boksi, kwa hiyo huwezi kuificha swichi nyuma ya kabati, lazima ionekane. Na inapata joto kidogo. Siyo la kuunguza, lakini nimeiacha peke yake, sijaiweka juu ya king'amuzi ambacho nacho kinachemka. Umeme ukikatika na kurudi inarudi pale pale ilipokuwa, hiyo nimeipenda sana, ila vyote vitano na TV vinapita kwenye stabilaiza moja, sitaki mchezo na umeme unaorudi kwa kishindo.

Dogo anataka PS5 na kanitangulizia swali kama swichi itafaa. Itatoa picha, ndiyo, 4K ya 60 safi. Ile 4K ya fremu 120 inataka HDMI 2.1 yenye gigabiti 48, hii haifiki huko, na TV ya mama nayo haifiki, kwa hiyo kwetu haina hasara. Mwenye TV kubwa ya kisasa ya magemu achomeke PS5 yake moja kwa moja kwenye TV na vingine vyote vipite kwenye swichi.

Karimoti kanatumia betri bapa ya CR2025, ile ya kama shilingi. Ya kwenye kasha ilikaa miezi minne. Nimeacha mbili za akiba kwenye droo ya kabati, na karimoti kenyewe nimekatoboa kwenye kona, mahali pasipo na saketi, nikakafunga kamba kwenye mguu wa kabati, maana wajukuu wanakapenda.