CG125 iwe boba: uache shokapu au uchomelee fremu ngumu?

Umepata Honda CG125 ya miaka ya 80, tangi limepauka lakini injini inaitika kwa kiki moja, na unataka kuigeuza boba, yaani pikipiki iliyovuliwa vya ziada ibaki nyepesi. Madigadi utayakata yawe mafupi, siti utabakiza ya mtu mmoja. Hayo hayana ubishi. Boba za Marekani zilizaliwa hivyo hivyo, kwa kupunguza uzito. Ubishi uko nyuma.

Ukichomelea fremu ngumu, yaani isiyo na shokapu nyuma, mstari wa fremu unashuka moja kwa moja kutoka shingoni, penye usukani, hadi ekseli ya nyuma, na hapo ndipo boba inapopendeza. Cheni nayo inatulia, maana umbali kati ya sproketi mbili haubadiliki tena. Lakini kila shimo la barabarani linaishia kiunoni kwako. Springi mbili chini ya siti zinasaidia kidogo, kidogo tu. Na kabla ya kukata, fremu ifungwe imara isicheze, uzi uvutwe kutoka tairi hadi tairi kuona kama yamenyooka. Bomba la fremu likipinda kidogo wakati wa kuchomelea, pikipiki itavuta upande mmoja kila siku.

Shokapu hazina maringo hayo. Weka fupi kidogo, siti ishuke, uhakikishe tairi haligusi digadi (mimi humkalisha fundi mnene juu, kisha nachungulia). Ukijuta, unafungua bolti unarudisha za zamani. Fremu iliyokatwa hairudi.

Kwa barabara za vumbi nachagua shokapu. Fremu ngumu ningeiweka kwenye pikipiki ya pili, ile ya kuzungukia mjini Jumapili.