Kununua maandalizi ya DAT: kipi cha kulipia kwanza, kipi cha kuacha dukani

Anayetaka kuingia chuo cha udaktari wa meno Marekani ana gharama mbili mbele yake. Ya kwanza haina mjadala: ada ya mtihani wenyewe, DAT (Dental Admission Test, mtihani wa kuingia chuo cha meno), unaoendeshwa na American Dental Association (ADA), ambayo sasa imepita dola 500. Ya pili ni maandalizi, na hapo ndipo watu wanapoliwa. Kuna vifurushi vya mtandaoni vya dola mia kadhaa, kuna tuisheni zinazozidi dola 1,000, kuna vitabu vya mitumba, na kuna yule wa Telegram anayedai ana maswali yenyewe. Tumevipanga kwa kigezo kimoja: kipi kinaongeza alama nyingi zaidi kwa pesa unayotoa.

Kabla ya pochi kufunguka, hakikisha unauhitaji. Daktari wa meno aliyekwisha kuhitimu Muhimbili, Nairobi au Makerere na anataka leseni Marekani, njia yake ya kawaida ni INBDE (mtihani wa leseni ya meno) na maombi ya CAAPID (mfumo wa maombi ya vyuo kwa waliosomea meno nje), DAT haumhusu. Kijana anayeomba MUHAS (chuo kikuu cha Muhimbili) anaingia kwa matokeo ya kidato cha sita, na wa Nairobi kwa KCSE. Kanada ina DAT yake, chini ya Canadian Dental Association, isiyo na kemia ogania wala hisabati. (Zamani Wakanada walichonga kipande cha sabuni kwa kisu kama sehemu ya mtihani. Hilo limekwisha, kwa hiyo anayekuuzia seti ya sabuni anakuuzia historia.) Aliyeko Toronto na anaomba Kanada peke yake asilipie kifurushi kizima cha Marekani. Anayeomba pande zote mbili aulize kila chuo kinapokea mtihani upi kabla ya kulipa chochote.

Unanunulia mtihani gani

DAT unafanywa kwenye kompyuta, katika vituo vya Prometric. Unaanza na sayansi: maswali 100 kwa dakika 90, yaani baiolojia 40, kemia ya jumla 30 na kemia ogania 30. Inafuata PAT, sehemu ya maumbo, maswali 90 kwa dakika 60. Baada ya mapumziko ya dakika 30 unakuja ufahamu, maswali 50 juu ya vifungu vitatu kwa dakika 60, kisha hisabati, maswali 40 kwa dakika 45. Jibu lisilo sahihi halikatwi alama, kwa hiyo hakuna swali la kuacha wazi.

Gawanya muda uone: sayansi ni sekunde 54 kwa swali, PAT ni sekunde 40. Kikokotoo kipo kwenye skrini kwa hisabati tu, tena cha kawaida kabisa. Kwenye kemia unapiga hesabu kwa kichwa na kalamu. Hapa ndipo palipo kiini cha manunuzi haya: wengi waliosoma baiolojia na kemia chuoni hawakosi masomo, wanakosa kasi. Na kasi haipatikani kwa kutazama video.

Nafasi ya 1: kifurushi kimoja cha mtandaoni chenye benki ya maswali

Pesa yako kubwa iende hapa. Majina mawili yanayotajwa zaidi ni DAT Bootcamp na DAT Booster, na vyote vina maswali ya kila somo, mitihani kamili ya majaribio, video, na mtambo wa kuzalisha maswali ya PAT. Tofauti kati yao si kubwa kiasi cha kumfanya mtu anunue vyote viwili, ingawa wapo wanaofanya hivyo, halafu hawamalizi hata kimoja. Vyote hukuruhusu kuonja bure. Tumia jioni mbili kuvijaribu, na uangalie mambo haya:

- Maelezo ya jibu yanasema kwa nini chaguo nyingine ni makosa, au yanataja tu herufi iliyo sahihi?
- Alama zinatolewa kwa kipimo cha 200 hadi 600? ADA waliacha kipimo cha 1 hadi 30 mwezi Machi 2025. Kifurushi ambacho hakijahama kinaonyesha wenye nacho hawakifuatilii.
- Muda ukiisha kabla ya mtihani, kuongeza mwezi mmoja ni bei gani? Siku za usajili zinaweza kusimamishwa?

Swali hilo la mwisho ndilo linalomgharimu zaidi mtu anayefanya kazi. Vifurushi huuzwa kwa siku, na kifurushi cha siku 90 kinaanza kuhesabu siku ulipolipia, usome usisome. Mwanafunzi aliye likizo anayesoma saa 25 kwa wiki, ndani ya wiki 12 amefikisha saa 300. Anayeshika zamu za usiku kwenye nyumba ya wazee na kusoma saa 12 kwa wiki, muda huohuo unampa saa 144 tu. Huyu wa pili asilipie mapema. Aanze na vya bure (nafasi ya 3) kwa wiki sita hadi nane, amalize kupitia kemia, ndipo alipie. Hapo siku zake 90 zitatumika kwa maswali, si kwa kukumbuka moli ni nini.

Ndani ya siku hizo, usisome madesa miezi miwili ukiahidi kwamba maswali utafanya mwishoni. Kuanzia wiki ya kwanza, kila mada iishie na maswali 20 hadi 30 yaliyopimwa muda. Weka daftari la makosa lenye safu tatu: sikujua, nilijua nikakosea njiani, muda uliniishia. Safu ya kwanza inakurudisha kwenye somo. Ya pili inakutaka uandike hatua badala ya kuruka. Ya tatu ikijaa, acha kusoma maudhui mapya na fanya maswali mafupi kwa saa ya kuhesabia. Wengi hutibu safu zote tatu kwa dawa moja, kusoma tena, na alama zinabaki palepale.

PAT, ambayo ndiyo sababu ya kununua

Baiolojia unaweza kuipata maktaba. PAT huipati popote chuoni. Ina aina sita, maswali 15 kila moja: umbo linalopita kwenye tundu, sura za juu, mbele na pembeni, kupanga pembe kutoka ndogo hadi kubwa, karatasi iliyokunjwa na kutobolewa, kuhesabu michemraba, na wavu unaokunjwa kuwa umbo. Huikariri, unaizoesha kila siku, dakika 20 hadi 30, tangu wiki ya kwanza. Anayeiacha hadi wiki tatu za mwisho huona alama zikianza kupanda ndipo siku ya mtihani inafika.

Chukua michemraba. Rundo limegundishwa kisha likapakwa rangi pande zote isipokuwa upande wa chini, unaulizwa ni michemraba mingapi ina pande mbili zenye rangi, mingapi tatu. Usihesabu upya kwa kila swali, kwa kuwa rundo moja hubeba maswali kadhaa. Andika 0, 1, 2, 3, 4, 5 kwa kushuka, pitia rundo safu kwa safu, weka mstari mmoja kwa kila mchemraba. Mnara wa miwili uliosimama peke yake: wa juu una pande 5, wa chini una 4, kwa sababu juu yake pamefunikwa na chini hapapakwi. Ukimaliza, jumla ya mistari ilingane na idadi ya michemraba yote. Isipolingana, mara nyingi umesahau ule uliojificha nyuma, unaobeba wenzake bila kuonekana. Kwa mtindo huu sehemu ya michemraba inaweza kuwa alama za uhakika.

Mpangilio wa maswali nao una mtego. Tundu na sura tatu, maswali 1 hadi 30, ndizo zinazokula muda, na ndizo zinazokuja kwanza. Wengi hufanya vizuri wakianzia swali la 31 (pembe), wakaenda hadi 90, halafu wakarudi mwanzoni. Jaribu njia zote mbili kwenye mitihani ya majaribio na ushike moja kabla ya siku yenyewe.

Zipo programu zinazouzwa kwa ajili ya PAT peke yake. Zina maana kwa aliyechagua kusoma sayansi kwa vitabu. Kama kifurushi chako tayari kinazalisha maswali ya PAT, hiyo ni kulipia kitu kimoja mara mbili.

Nafasi ya 2: mtihani wa majaribio wa ADA

Haya ni maswali ya watunzi wenyewe, na lugha yao ya kuuliza ina ladha yake. Yanunue, lakini yafanye wiki mbili au tatu kabla ya mtihani, kwa kikao kimoja, asubuhi, na mapumziko yaleyale ya dakika 30. Anayeyatumia mwezi wa kwanza anapoteza kipimo pekee ambacho hakikutungwa na muuzaji wa kifurushi.

Nafasi ya 3: vya bure

Video za Chad's Prep za kemia zilizoko YouTube zinatosha kumfufua aliyeacha kemia ogania miaka miwili nyuma. Khan Academy inafaa kwa baiolojia na hisabati, ingawa kwa baiolojia inaenda kina kuliko DAT unavyotaka, wakati DAT hupenda upana: mimea, wanyama, uainishaji, ikolojia, viini tete. Anki, programu ya kadi za kukariri, ni bure kwenye kompyuta na Android. Kwenye iPhone inalipiwa dola 24.99. Kasoro ya vya bure ni moja: havikubani na muda.

Nafasi ya 4: vitabu

Kitabu kimoja kinene cha maswali magumu ya kemia kina faida kwa anayelenga alama za juu. Cha mtumba angalia mwaka. Hisabati ya DAT ilibadilishwa 2015, ikaingiza kulinganisha viwango na kuamua kama taarifa zinatosha. Kitabu cha kabla ya hapo kinakupa trigonometria ambayo hutaulizwa. Vilivyochapwa kabla ya Machi 2025 maswali yao ya sayansi bado ni mazuri, ila majedwali ya alama yapuuze. Na PAT ya kwenye karatasi ni dhaifu: pembe unazozipima kwa kuzungusha kitabu, kwenye skrini hazizungushiki.

Nafasi ya 5: mwalimu wa saa, kisha tuisheni ya darasa

Mwalimu binafsi anafaa kwa shimo moja linalojulikana. Ukienda kwake na daftari la makosa na kusema "naanguka kwenye miitikio ya kubadilisha kundi", saa tatu zinaweza kutosha. Ukienda kumwambia "nifundishe DAT", utalipa saa arobaini. Tuisheni za moja kwa moja, kama za Kaplan, ndizo ghali kuliko vyote hapa, na unacholipia hasa ni ratiba na mtu wa kukuuliza. Asiyeweza kujisukuma anaweza kuzihitaji. Ahesabu kwanza ni vipindi vingapi vinagongana na zamu zake.

Usichonunua kwa bei yoyote

Maswali ya "waliofanya juzi", na akaunti za kuchangia watu wanne. Ya kwanza yanavunja kiapo cha usiri unachokubali kabla ya mtihani, na ADA ina mamlaka ya kufuta alama. Ya pili hufungwa mara mfumo unapoona vifaa vingi, na pesa hairudi.

Vidogo vya dola chache

Kituoni unapewa karatasi mbili za plastiki na maka peni mbili zisizofutika. Ukizijaza, unainua mkono ubadilishiwe. Laminisha karatasi mbili nyumbani, nunua maka peni nyembamba, na ufanyie majaribio yote hapo. Aliyezoea penseli na ufutio hushangaa nafasi inavyoisha haraka. Nunua na mausi ya waya kama unasomea laptopu.

Vitambulisho havinunuliwi lakini vinaweza kukunyima mtihani uliokwisha kuulipia. Vinatakiwa viwili, kimoja cha serikali chenye picha na saini, na jina liwe lilelile uliloandika ulipochukua DENTPIN, namba yako ya utambulisho ya kujisajili mtihani. Kwetu hili lina mtego wake: pasipoti ina majina matatu, leseni ya gari ina mawili, na la babu limehamia mahali pa ukoo. Linganisha herufi kwa herufi kabla ya kuweka tarehe. Mwenye kipato kidogo aulize pia msamaha wa ada wa ADA, unaopunguza nusu kwa wanaostahili. Nafasi zake ni chache na huwahi kuisha.

Tarehe ya kulipia kifurushi uipate kwa kuhesabu kurudi nyuma. Maombi ya vyuo kupitia AADSAS, mfumo wa pamoja wa maombi ya vyuo vya meno Marekani, hufunguliwa mwezi Mei, na vyuo vingi huanza kujaza nafasi mapema. Ukiweka mtihani tarehe 18 Juni, kifurushi cha siku 90 kilipiwe tarehe 25 Machi, kiishe tarehe 22 au 23 Juni. Ikibidi kurudia, lazima zipite siku 60, na hapo usinunue siku nyingine 90: ongeza mwezi mmoja tu, uuanzishe siku 30 kabla ya mtihani wa pili. Wiki zilizotangulia zitumie kwenye safu ya kwanza ya daftari.