Uzoefu wangu na Steins;Gate, gemu ya kusoma ambayo simu ndo kila kitu

Wakuu habari za saa hizi. Nimeimaliza Steins;Gate juzi usiku, saa nane kasoro, na tangu hapo kichwa hakijatulia kabisa kwa hiyo wacha niandike wakati bado ya moto. Sitatoboa siri za mwisho, msiwe na wasiwasi.

Kwa asiyejua, hizi ndo zile wenyewe wanaita visual novel, sisi kwenye grupu letu tunaita tu gemu za kusoma. Hakuna kukimbia, hakuna kupiga risasi. Unasoma, unasikiliza sauti za wahusika, picha zinabadilika, na mara moja moja kuna kitu unaamua na hadithi inageuka. Mi nimekulia kwenye banda la gemu la mtaani, mpira na ngumi, unalipia mechi moja na nyuma yako kuna foleni ya watu wanakuhesabia dakika, sa mtu aliponiambia kuna gemu ya kusoma masaa thelathini na zaidi nilimuuliza kama amekosa kazi. Nikaijaribu kwa sababu kompyuta yangu ina RAM ya 4 na hii gemu haiitaji mashine ya maana, picha nyingi zimetulia tu, haipigi feni wala haipati moto.

Ilitoka Japani Oktoba 2009 kwenye Xbox 360, imetengenezwa na 5pb. pamoja na Nitroplus, ya Kiingereza kwenye kompyuta ikaja 2014 na Steam, lile duka la gemu la mtandaoni, ikafika 2016. Ni ya zamani ndio. Ila hadithi yenyewe ni ya kiangazi cha 2010, simu ni zile za kukunja, kwa hiyo uzee wake hausumbui, tena unaisaidia.

Tuko Akihabara, Tokyo, ule mtaa wa maduka ya vifaa vya umeme na gemu. Okabe Rintarou ana miaka 18, mwanafunzi wa chuo, kapanga chumba juu ya duka la TV za chogo na chumba hicho anakiita maabara. Wako watatu mwanzoni: yeye, Daru ambaye ni mtaalamu wa kompyuta, na Mayuri, rafiki yake wa tangu utotoni, binti mpole anayeshona nguo za maigizo ya katuni. Wanatengeneza vitu vya ajabu ajabu ambavyo havina faida kwa mtu yeyote. Kimoja ni maikrowevu iliyounganishwa na simu, siku moja wanagundua ile maikrowevu inatuma meseji kwenda siku zilizopita. Hapo ndo mambo yanapoanzia.

Kitu kilichonikamata mimi kabla hata ya maikrowevu ni jukwaa. Yani hawa watu wanaishi kwenye majukwaa ya mtandaoni kama tunavyoishi sisi. Kuna mtu anajitokeza anajiita John Titor, anasema katoka mwaka 2036, na nyuzi zinajaa watu wa kumtukana na wa kumuuliza maswali ya kweli. Na hii imetokana na jambo lililotokea kweli! Mwishoni mwa 2000 mpaka mapema 2001 kulikuwa na mtu kwenye majukwaa ya Marekani kwa jina hilo hilo, akidai ni mwanajeshi kutoka 2036, karudishwa mpaka 1975 kuchukua kompyuta ya IBM 5100. Alitabiri vita vya wenyewe kwa wenyewe Marekani, havikutokea, ila watu wanajadili uzi wake mpaka leo. Ukishawahi kukesha JamiiForums ukifuatilia uzi mmoja ambao mleta mada hujui ni muongo au anajua kitu, na unarifreshi saa tisa usiku kuona kama amejibu, basi hisia yake ni ile ile. Gemu imeishika vizuri sana.

Na hawawacheki watu wa majukwaa, hicho ndo nilichokipenda. Kurisu, binti wa miaka 18 ambaye ni mtafiti wa ubongo na makala yake imeshatoka kwenye jarida kubwa la sayansi, mchana anaongea kama profesa, usiku anabishana na watu jukwaani kwa jina la bandia na akiulizwa anakataa kata kata. Nimemuelewa kabisa. Kuna watu wenye akili nyingi mno ambao sehemu pekee waliyopata wa kuongea nao ni humo.

Sasa simu. Kwenye gemu nyingi za aina hii unaletewa orodha ya majibu mawili matatu, chagua moja. Hapa hakuna. Una simu ya Okabe, unaweza kuitoa mfukoni karibu wakati wowote, inaita unapokea au unaacha iite, meseji ikiingia baadhi ya maneno yana mstari chini yake na ukibonyeza neno fulani Okabe anaandika jibu la neno hilo. Usipojibu, hadithi inaendelea tu, haikukumbushi wala haikusubiri. Mara ya kwanza sikujua uzito wake. Mayuri anatuma meseji zake ndefu za mambo madogo madogo, nasoma napita. Kurisu anatuma, naona nitajibu baadae, niko kwenye sehemu tamu ya hadithi sitaki kukatisha. Nikafika mwisho wangu wa kwanza, umeniumiza, nikalia kidogo sifichi, halafu nikaenda kwenye grupu nikakuta kumbe kuna mwisho mwingine wa kweli kabisa na haufunguki mpaka uwe umezijibu baadhi ya meseji za Kurisu kwa namna fulani, kuanzia mapema huko ambapo hujui hata kama zina maana.

Ilinikaa. Kwa sababu hata kwenye maisha ndo nilivyo, meseji naiona, najibu kichwani, kidole hakijibu. Nilirudi nyuma kwenye sevu ya zamani na nikaanza kujibu kila kitu, na gemu ikawa nyingine. Unagundua Kurisu ana utani, ana hofu, ana mambo na baba yake, yote yako kwenye meseji ambazo mara ya kwanza nilizipita tu.

Halafu kuna lile sharti la baiti 36. Meseji ya kwenda nyuma haiwezi kuzidi hapo, kwa Kijapani ni kama herufi 18 tu, kwa herufi zetu ni 36. Sisi tuliokua na zile meseji za herufi 160, tukiandika cjui na xaxa ili isikatwe mara mbili, tunaelewa kubana maneno. Kwenye grupu tuko wanne, tukawekeana mchezo: ungetuma nini kwa herufi 36 za Kiswahili, na nafasi zinahesabiwa. Mmoja akaandika "Mama usiuze kiwanja cha Mbagala bado", tukahesabu ni 36 kamili, tukampigia makofi. Mwingine wetu alikaa kimya kama nusu saa halafu akaandika "Baba nenda hospitali leo, usingoje". Hiyo ni 34. Hakuna aliyejibu mpaka asubuhi, na asubuhi nikampigia.

Hapo ndo nikaelewa gemu inafanya nini. Kila anayetumia ile maikrowevu ana sentensi yake kama hiyo, hakuna anayetaka kutawala dunia, mtu anataka kitu kimoja kidogo kirudi. Anakipata. Halafu baadae Okabe anatakiwa kuzifuta zile meseji moja moja, kila anayoifuta anamnyang'anya mtu alichorudishiwa, na anatakiwa amwangalie usoni akimwomba ruhusa. Sehemu ya Faris, mmoja wa hao waliotuma meseji, mi nilisimamisha, nikatoka nje kukaa kwenye ngazi.

Vitu vidogo vya kuonyesha jinsi walivyojali: ile kompyuta ya IBM ya kweli inakaribia kilo 24, iliitwa ya kubebeka, sa kwenye gemu wameibadilisha jina kidogo inaitwa IBN 5100, na Okabe na Kurisu wanaibeba kutoka hekaluni juani, wanatua wanapumzika, wanagombana nani kashika upande mzito, na ile gombana ndefu isiyo na haraka ndo inayofanya uwapende. Pia jengo la Radio Kaikan ambako hadithi inaanzia lilikuwepo kweli pale Akihabara, la zamani likabomolewa 2011 na jipya likafunguliwa 2014, kwa hiyo ukicheza leo unatembea kwenye mtaa ambao sehemu yake haipo tena.

Sauti ni za Kijapani tupu, maandishi Kiingereza. Mamoru Miyano anayemsema Okabe, jamani. Mwanzo anapiga kelele na kucheka kile kicheko chake cha mwanasayansi kichaa mpaka unapunguza sauti ili jirani asishangae, na ikifika kati ya gemu sauti ile ile inapasuka, unasikia mtu hajalala siku nyingi. Hata usipojua neno moja la Kijapani utajua.

Sasa yasiyonifurahisha. Mwanzo ni mzito, masaa kama kumi ya kwanza ni porojo, na nina rafiki wawili wameachia hapo. Mi nasema vumilia, zile porojo ndo zinakuja kuuma baadae, ila siwezi kusema si nyingi. Daru ana utani wa kichafu kila sentensi ya tatu, unachosha, na ukicheza sebuleni mbele za watu utaona aibu. Luka nae hakutendewa haki, mhusika mpole mwenye shida ya kweli na waandishi wanamgeuza kichekesho mara nyingi mno, hapo walikosea na nilikereka. Kiingereza nacho kinataka uwe vizuri, kuna fizikia, kuna misemo ya majukwaa ya Kijapani, ila kuna kamusi ndani, neno gumu likitokea linawekwa humo na maelezo yake, mi nilikuwa naisoma kila neno jipya linapoingia na nimejifunza mengi.

Kuhusu kununua, subirini punguzo la Steam, huwa yanakuja mara kadhaa kwa mwaka. Nililipia kwa kadi ya mtandaoni ya kwenye simu, mara ya kwanza ikakataa, siku ya pili ikakubali bila mimi kubadilisha chochote. Shusha usiku kwa bando la usiku. Na sevu mara kwa mara, nafasi za kusevu zipo nyingi, usitegemee moja, mi umeme ulikatika kwenye sura ambayo sitaitaja, betri ya kompyuta yangu ilishakufa kitambo, nikapoteza kama saa zima la kusoma na nikalazimika kupitia tukio lile tena kwa macho yangu, kitu ambacho kwa kweli hata Okabe angenielewa. Kuna kitufe cha kuruka ulichosoma tayari, kinaenda haraka, kitakusaidia ukirudia kutafuta mwisho mwingine maana iko 6 jumla.

Namba yangu ni 9 kati ya 10, ile moja ni ya Luka.

Nimebakiza mwisho wa Suzuha tu, mhusika mwingine ambaye sijamgusa humu. Kwenye grupu wawili tumemaliza, mmoja anakaribia, na yule wa meseji ya 34 ndo kwanza yuko sura ya 3, anasoma kidogo kidogo akitoka kazini na kila usiku anatuma anachodhani kitatokea, na sisi tuliomaliza tunajibu "endelea mkuu" basi, hatuongezi neno.