Aldi ya Ujerumani: bei poa, keshia spidi, Jumapili usijisumbue

Wadau mnaokuja Ujerumani kusoma au kufanya Ausbildung (mafunzo ya ufundi huku unafanya kazi), kabla hujaenda kupiga picha kwenye makasri we ingia kwanza Aldi, hawa watu utawaelewa humo kuliko kwenye semina yoyote. Duka halina mbwembwe, mchele na tambi zinakaa kwenye katoni zilezile zilizokuja nazo, wamechana tu upande wa mbele basi, na vitu vingi ni chapa yao wenyewe. Hapo ndo bei inaposhukia.

Waliolikuza ni ndugu wawili wa mji wa Essen, Karl na Theo Albrecht, mama yao alifungua kaduka mwaka 1913, baada ya Vita vya Pili vya Dunia wakakachukua wao, halafu 1961 wakagawana, mmoja kaskazini mmoja kusini, inasemekana walibishania kuuza sigara au kutouza! Ndo maana mpaka leo kuna Aldi Nord na Aldi Süd.

Sasa chupa. Soda ya kopo au chupa ya plastiki unaongezewa senti 25 juu ya bei, inaitwa Pfand, ukishakunywa usitupe, kuna mashine unaitumbukizia moja moja inakutemea risiti, keshia anakupunguzia kwenye bili au anakupa hela yako. Ni sheria ya nchi tangu 2003. Ukiona mzee anamulika tochi ndani ya pipa la taka stesheni ujue anatafuta hizo senti 25, na huo nao ni uchumi wa Ujerumani ila kwenye vipeperushi haumo.

Keshia kakaa kwenye kiti mkono unaruka tu, bakodi imechapwa pande kadhaa za pakiti asipoteze muda kuigeuza, we rudishia vitu kwenye toroli fasta ukapange pembeni. Salamu ni Hallo moja, ukianza habari za nyumbani foleni yote inahema. Mfuko beba wako, na sarafu ya kufungulia toroli, ukilirudisha toroli unaipata sarafu yako.

Jumapili kumefungwa, sio Aldi tu, karibu maduka yote, mapumziko hayo yamo kwenye katiba, kifungu wamekirithi toka katiba ya 1919, kwahiyo Jumamosi jioni jiandae kusukumana. Dona, mihogo na dagaa utavifuata maduka ya Waafrika na Waasia kwa bei ya kukuliza.

Nyota 4 kati ya 5, moja nimeibania mpaka walete dona.