Bodi za Taipu-C nilizouziwa Mwanjelwa: R1 na R2 ziko wapi?

Hasira bado haijanitoka, mnivumilie.

Baridi ilipoanza kuuma mwaka huu, mama mmoja jirani wa Uyole aliniomba nimtengenezee kidude cha kusoma joto ndani ya mashine yake ya kutotoleshea vifaranga. Zamani ningeweka tundu la USB ya maikro, la simu za zamani, lile ukilivuta vibaya linang'oka na shaba yake. Lakini nani bado ana waya wa maikro nyumbani? Karibu kila simu mpya ni Taipu-C, na Ulaya wameshaifanya sheria tangu mwisho wa 2024. Nikaingia duka moja la vifaa vya elektroniki pale Mwanjelwa, hapa Mbeya, nikachukua pakiti ya zile bodi ndogo zenye tundu la Taipu-C, za kuchomelea kwenye mradi wako. Nikaambiwa ziko tayari, ni kuunga tu.

Nikaunga. Nikajaribu kwa chaja yangu ya siku zote, yenye tundu pana la zamani la USB. Ikawaka. Nikampelekea mama. Yeye chaja yake ni mpya, waya una Taipu-C pande zote mbili. Kimya. Akageuza waya. Kimya.

"Mwanangu, si ulisema inawaka?"

Aibu ile mnaijua.

Kilichotokea ni hiki. Chaja ya tundu pana inamwaga volti 5 muda wote, haiulizi nani yuko upande wa pili. Ya Taipu-C haitoi kitu mpaka ihisi kuna kifaa kinachohitaji umeme, na inahisi kupitia pini mbili, CC1 na CC2. Kila moja inatakiwa ishuke kwenye graundi, yaani upande wa hasi, kwa rezista yake (kipande kidogo cha kubana umeme) ya omu 5,100. Zisipokuwepo, chaja inadhani hakuna kilichochomekwa, inabaki imenuna. Wala si kosa lake.

Nikaigeuza bodi. Mgongoni pamechapwa R1 na R2, yaani nafasi za rezista hizo mbili, sehemu za kuchomelea zipo, zinang'aa, tupu! Hapo ndipo damu iliponichemka. Aliyeichora alijua kabisa kinachotakiwa, akaacha na nafasi, halafu mtu fulani akaamua kubana hela ya rezista mbili ambazo bei yake haifiki andazi.

Nikarudi dukani. Kijana wa kaunta hata hakuigusa.

"Kaka, waya wako feki."

Nikauchomeka waya uleule kwenye simu yake mwenyewe, ikaanza kuchaji.

"Basi chaja yako ina moto mkali, imeiunguza."

Imeiunguzaje, na haijatoa umeme? Nikatoa mita ya kupimia volti, nikapima bodi mbele yake: sifuri. Akacheka, akawageukia wateja wengine: "Hawa mafundi wa YouTube wana shida hawa." Mimi! Nimeshika pasi ya lehemu tangu enzi za redio za mkulima, huyu hajaota hata ndevu. Hela yangu hakurudisha, pole hakusema.

Sasa tatizo ni kwamba bodi yenyewe, niseme ukweli, ni nzuri. Nilitafuta rezista zenye mistari ya kijani, kahawia na nyekundu, ndizo za omu 5,100, nikazikunja miguu, nikazichomelea kwa taabu pale R1 na R2, na tangu hapo inawaka kwa chaja yoyote, waya ugeuzwe huku au kule. Tundu limeshikiliwa na miguu inayopenya hadi upande wa pili. Nimelivuta makusudi, halikutikisika. Mama anafurahi, mashine inasomeka.

Lakini kijana wa MUST, chuo chetu cha sayansi na teknolojia, anayeanza mwaka wa kwanza atajuaje? Atadhani ameharibu mradi wake mwenyewe, atautupa. Hata Raspberry Pi 4, ile kompyuta ndogo ya bodi moja, ilipotoka 2019 ilikuwa na kasoro ya jamii hii: pini zote mbili ziliunganishwa kwenye rezista moja, baadhi ya waya zenye chipu ndani zikawa haziiwashi. Wenyewe walikiri, wakarekebisha matoleo ya baadaye. Huyu wa kwangu ananiambia habari za waya.

Nitanunua tena, kwa sababu hapa mjini sijaziona kwingine na kuagiza Dar ni kusubiri basi na kulipia mzigo. Ukienda na wewe, beba waya wenye Taipu-C pande zote mbili, kichwa cha chaja cha kisasa na mita, upime palepale kaunta kabla ya kutoa hela. Ukishapima, geuza waya upime tena, maana zipo zenye rezista moja tu, zinawaka upande mmoja, ukigeuza zinazima.

Nyota tatu. Nikimkumbuka yule kijana, mbili.