Swichi ya taa: igeuze usome mgongo kabla ya kulipa

Wengi wetu huchagua swichi kwa sura: nyeupe, nyembamba, yenye mlio mzuri wa "tik". Lakini yenye maana yameandikwa mgongoni kwa herufi ndogo, karibu na skrubu za kufungia waya: 10AX 250V~. Yaani ampea 10, volti 250, na kile kiwimbi ni umeme wa AC, yaani unaobadili mwelekeo, kama huu wa gridi. Mimi huanza kwa kuitafuta hiyo X.

Hesabu ya haraka hudanganya. Balbu 10 za LED za wati 9 ni wati 90. Gawa kwa volti 230, hufiki hata nusu ya ampea. Basi swichi yoyote itafaa? La. Ndani ya balbu ya LED mna kapasita, kijitunza-chaji kidogo, na ukiwasha tu hujaa kwa mkupuo: kwa kitambo kifupi kuliko kupepesa jicho, balbu huvuta umeme mara nyingi zaidi ya kawaida yake. Zikiwaka kumi kwa pamoja, kontakti za swichi, yaani vipande vya chuma vinavyogusana ndani, hupiga cheche. Niliwahi kufungua swichi iliyokataa kuzima taa za sebuleni nikakuta kontakti zimegandana kama zilizochomelewa, masizi pembeni, na kidonge cha chuma kilichoyeyuka, kama kichwa cha pini. Ilikuwa ya 6A, bila X. Herufi hiyo inasema swichi imepimwa pia kwa tyubu laiti, ambazo nazo zina tabia ya kuvuta kwa kishindo.

Kwangu 10AX ndiyo namba moja. Breka ya taa za nyumbani kwa kawaida ni ya ampea 6 au 10, na swichi haitakiwi kuwa dhaifu kuliko breka inayoilinda.

Namba mbili ni 16AX, kwa ukumbi wenye taa nyingi au saketi iliyofungwa breka ya 16. Na hapana, swichi kubwa haili umeme zaidi. Anayevuta ni taa.

Ya 6A naiweka ya tatu: stoo au choo chenye balbu moja, breka ikiwa ya 6. Basi.

Dima, swichi ya kufifisha mwanga, ni ya nne, kwa sababu inahitaji umakini zaidi. Yenyewe husomwa kwa wati, na wati zilizoandikwa kwa herufi kubwa mara nyingi ni za balbu za zamani za nyuzi. Kiwango cha LED huwa kidogo zaidi, kitafute peke yake. Balbu nazo ziwe za kukubali kufifishwa, la sivyo zitacheza kama disko.

Swichi janja, ya kuwasha kwa simu, nimeiweka mwisho. Nyingi zinataka nyutro (waya wa kurudisha umeme), na kwenye boksi nyingi za ukutani utakuta layini tu (waya unaoleta umeme) na waya unaokwenda kwenye taa. Fungua uone kabla ya kununua, umeme ukiwa umezimwa kwenye breka. Pima na kina cha boksi, maana vifaa hivi vina tumbo.

Ya ngazini iwe tuwei, ya kuwasha taa moja kutoka sehemu mbili, yenye skrubu tatu. Tuwei inaweza kutumika kama swichi ya kawaida, lakini ya kawaida haiwezi kuwa tuwei. Ile yenye kitaa cha kuonyesha gizani ni nzuri, ila baadhi ya LED hubaki zikiwaka hafifu hata ukizima, kwa sababu kitaa hupitisha umeme kidogo.

Isiyoandikwa chochote mgongoni, irudishe rafuni.

Kama taa zako ni za sola ya DC, umeme usiobadili mwelekeo, hata hiyo 10AX yenye kiwimbi usiichukue kwa kubahatisha. AC ya hezi 50 hupita sifuri mara 100 kwa sekunde, na cheche hupata nafasi ya kufa. DC haipumziki. Tafuta iliyoandikwa DC, na volti zake zisiwe chini ya za mfumo wako.